Ada za Kutua na Ada za Rampu: Mwongozo Kamili kwa Rubani wa Ndege Ndogo Nchini Marekani

Vijana wengi wa Afrika Mashariki husomea urubani katika vyuo vya Marekani, na wapo Waswahili wanaoishi huko ambao wamepata leseni ya rubani binafsi na hukodi ndege ndogo mwishoni mwa juma. Wote hao hufundishwa kwa makini hali ya hewa, uzito na mizani ya ndege, mawasiliano na mnara, na mipaka ya anga. Jambo lisilofundishwa sana ni la pesa: kwamba ndege ileile ya injini moja inaweza kutua bure katika kiwanja kimoja, na katika kiwanja jirani ikadaiwa makumi ya dola kwa kusimama nusu saa tu. Mwongozo huu unaeleza ada hizo zinatoka wapi, namna ya kuzijua kabla ya kuruka, namna ya kuzipunguza kihalali, na la kufanya unapoona umetozwa isivyo haki. Msimamo wangu ni mmoja: ada ya kiwanja hushughulikiwa kwa simu wakati wa kupanga safari, na anayeanza kuijadili kaunta, ndege ikiwa imeshafungwa kamba, amechelewa.

Hatua ya kwanza: mtambue anayekudai

Kuna ada mbili ambazo marubani wengi huzichanganya, ilhali zina wenyewe tofauti, sheria tofauti na mlango tofauti wa malalamiko.

Ada ya kutua hutozwa na mwenye kiwanja. Viwanja vingi vya ndege vilivyo wazi kwa umma nchini Marekani humilikiwa na mji, kaunti au mamlaka ya umma iliyoundwa kwa kazi hiyo, na ada yake hupitishwa na baraza au bodi, kwa hiyo ni jambo la hadharani lenye maandishi. Kawaida hupimwa kwa uzito, kiasi fulani kwa kila pauni 1,000 (kilo 454 hivi) za uzito wa juu ulioidhinishwa wa ndege. Viwanja vingi husamehe ndege ndogo zisizofanya biashara, ama kwa kutaja kiwango cha uzito ambacho chini yake hakuna malipo, ama kwa kutoza mashirika na ndege zinazobeba abiria kwa malipo peke yake.

Ada ya rampu ni habari nyingine. Rampu ni lile eneo la lami ambapo ndege huegeshwa, hupakiwa na kutiwa mafuta. Katika viwanja vingi eneo hilo, au sehemu yake kubwa, limepangishwa kwa kampuni binafsi ya kuhudumia ndege, ambayo marubani wote huiita FBO. Kampuni hiyo huuza mafuta, hukodisha hanga, huvuta ndege, na huwa na ukumbi wenye kahawa, vyoo na chumba cha rubani kupumzikia. Ada yake huitwa kwa majina mengi: ya rampu, ya huduma, ya jengo, ya miundombinu, ya usalama. Haipimwi kwa uzito mara nyingi, bali kwa aina ya ndege: ya pistoni yenye injini moja, ya injini mbili, ya taboprop, kisha jeti kwa ukubwa wake. Kwa kawaida husamehewa ukinunua kiasi fulani cha mafuta, na usamehevu huo ndio moyo wa hesabu tutakayoifanya baadaye.

Haifai kuiona FBO kama adui. Kampuni hiyo hulipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, mara nyingi humlipa pia kiasi fulani kwa kila galoni inayouzwa, na ina wafanyakazi, bima na magari ya mafuta ya kugharimia. Mgeni anayeegesha, akatumia choo, akanywa kahawa na kuondoka bila kununua chochote amekula gharama ambayo mtu mwingine ataifidia. Tatizo huanza pale kiwanja kinapokuwa na FBO moja tu, na mgeni hana pembe nyingine yoyote ya kuegesha. Hapo bei haina kinachoizuia isipokuwa hiari ya mwenye kuipanga.

Juu ya hizo mbili, zipo ada ndogo za pembeni. Kulaza ndege hutozwa kwa usiku mmoja mmoja, na katika viwanja vingine usiku wa kwanza husamehewa kwa mafuta lakini wa pili hausamehewi. Kumwita mhudumu baada ya saa za kazi hutozwa peke yake, na inaweza kuzidi ada nyingine zote. Wakati wa matukio makubwa, kama mashindano ya gofu ya Masters huko Augusta mwezi Aprili au mbio za farasi za Kentucky Derby huko Louisville mwezi Mei, kampuni hudai nafasi ihifadhiwe mapema na hutoza bei ya msimu ambayo mafuta hayaifuti. Ukisafiri wiki ya namna hiyo, chagua kiwanja cha mji wa pili na umalizie kwa gari.

Hatua ya pili: tafuta kwanza kwenye maandishi

Anza na Chart Supplement, kitabu rasmi cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kinachotolewa upya kila siku 56. Katika maelezo ya kiwanja husika, tafuta taarifa kuhusu ada ya kutua na maelezo ya ziada kuhusu maegesho ya wageni. Kitabu hicho hutaja kuwapo kwa ada ya kutua, lakini usitarajie kikutajie kiasi chake, na kuhusu bei za FBO hakisemi kitu.

Kisha fungua tovuti ya kiwanja chenyewe, yaani ya mji au ya mamlaka, na utafute jedwali la viwango na tozo. Hilo ndilo andiko lenye nguvu, kwa sababu limepitishwa na chombo cha umma. Lisome hadi maelezo ya chini kabisa, maana msamaha kwa ndege ndogo huandikwa huko. Angalia mambo matatu: uzito unaotumika ni wa kuruka au wa kutua, sehemu ya pauni 1,000 huhesabiwa ilivyo au hupandishwa kuwa elfu nzima, na kila kugusa ardhi wakati wa mazoezi huhesabiwa au la. La mwisho linawahusu sana wanafunzi, ambao katika saa moja ya mazoezi wanaweza kutua na kupaa tena mara nane.

Mfano wa hesabu hiyo upo Santa Monica, California. Mwaka 2013 mji huo ulipandisha ada ya kutua kutoka dola 2.07 hadi dola 5.48 kwa kila pauni 1,000, na mara hiyo ukaitoza pia kwa ndege zenye makazi pale pale kiwanjani, ambazo zamani zilikuwa hazilipi. Cessna 172S ina uzito wa juu ulioidhinishwa wa pauni 2,550. Ukihesabu uzito ulivyo, kutua mara moja kwa kiwango cha wakati ule ni dola 13.97, ukipandisha hadi elfu ya tatu, ni dola 16.44. Mwanafunzi anayetua mara nane angefikisha zaidi ya dola 110 kabla ya kulipa ndege na mkufunzi. Si ajabu kwamba vyuo vya urubani hutafuta kiwanja kingine cha mazoezi pale ada ya namna hiyo inapoanza, na wapo wanaoamini kwamba katika miji isiyopenda kelele za ndege ndogo, hilo ndilo lililokusudiwa. Mwenye kufuatilia habari za Santa Monica anajua kwamba mapatano ya mwaka 2017 kati ya mji na serikali kuu yanauruhusu mji kukifunga kiwanja hicho mwaka 2028 utakapokwisha.

Kwa upande wa FBO, tumia tovuti ya AirNav kwa bei za mafuta na maoni ya marubani waliopita, programu ya kupanga safari ya ForeFlight kama unayo, na kitabu cha viwanja cha AOPA, chama cha wamiliki na marubani wa ndege, ambacho kampuni zimehimizwa kuorodhesha ada zao humo. Maoni ya marubani yasome kwa tahadhari: aliyekasirika huandika, aliyeridhika hunyamaza. Zingatia tarehe ya maoni na aina ya ndege ya mwandishi, kwani malalamiko ya mwenye jeti hayakuhusu wewe wa Cessna.

Tazama pia ramani ya kiwanja na picha ya setilaiti. Unatafuta maegesho ya wageni yanayomilikiwa na kiwanja badala ya FBO, na pampu ya mafuta ya kujihudumia. Vyote viwili mara nyingi huwa mbali na jengo kuu, pembezoni mwa hanga za watu binafsi.

Hatua ya tatu: piga simu

Hapa ndipo pesa huokolewa. Piga simu mbili, moja kwa ofisi ya meneja wa kiwanja na nyingine kwa FBO, siku moja au mbili kabla ya safari.

Ofisi ya meneja iulize kama kuna ada ya kutua kwa ndege binafsi ya aina yako, na muhimu zaidi, kama kuna mahali pa mgeni kuegesha bila kupitia FBO. Usiulize kwa ujumla. Taja uzito na aina ya ndege, sema kwamba huna biashara, na uulize pia njia ya kutokea. Katika baadhi ya viwanja eneo la umma lipo, lakini lango la kutoka kwa miguu lina namba ya siri, nayo hutolewa na ofisi hiyohiyo au na mnara.

FBO iulize kwa mfuatano ambao hauachi pengo. Jumla ya malipo yote kwa ndege yangu, nikisimama saa mbili, ni kiasi gani? Ni galoni ngapi zinazofuta ada hiyo, na je, zinaifuta yote au sehemu tu? Je, mafuta ya pampu ya kujihudumia yanahesabiwa, au ni yale ya gari peke yake? Nikilala usiku mmoja, kinachoongezeka ni nini? Nikimshusha abiria na kuondoka bila kuzima injini kwa muda mrefu, mnatoza? Saa za kufunga ni zipi, na nikichelewa nusu saa itakuwaje? Kama unahitaji gari, uliza kama wana la kuazima, kwani katika miji midogo wengi huwapa marubani bure kwa saa moja au mbili, na huo ni ukarimu unaostahili kulipwa kwa kununua mafuta hata kama huyahitaji sana.

Neno «jumla» katika swali la kwanza lina kazi. Ukiuliza ada ya rampu, utatajiwa ada ya rampu, kisha risiti ije na ada ya usalama na ya miundombinu ambazo hukuziuliza. Andika jina la aliyekujibu, saa na kiasi alichotaja. Ikiwezekana omba akutumie kwa barua pepe. Ukifika na bei ikawa nyingine, karatasi hiyo humaliza mjadala kwa upole bila mtu kuvunjiana heshima.

Usione haya kuuliza kama wanaweza kupunguza. Mhudumu wa kaunta mara nyingi ana uhuru wa kusamehe ndege ya mafunzo au ya rubani anayekuja kwa chakula cha mchana, lakini uhuru huo huutumia kwa anayeomba kabla, si kwa anayelalamika baada.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya mafuta

Tuchukue mfano wa namba za kubuni ili njia ionekane. FBO inatoza dola 25 na inaifuta ukinunua galoni 10. Mafuta yake ya gari ni dola 7.80 kwa galoni. Ng'ambo ya kiwanja ipo pampu ya kujihudumia kwa dola 5.90. Tofauti ni dola 1.90 kwa galoni.

Ukihitaji galoni 10 tu, kununua kwa FBO kunakugharimu dola 19 zaidi ya pampu, lakini kunakuepusha na dola 25. Umefaidi dola 6 na umeepuka usumbufu wa kuhamisha ndege. Ukihitaji galoni 30, kununua zote kwa FBO kunaongeza dola 57, kiasi kinachozidi ada yenyewe. Afadhali ununue 10 kwao, ada ifutwe, kisha 20 zilizobaki uzichukue pampuni. Ukiwa huhitaji mafuta kabisa, usinunue galoni 10 kwa dola 78 ili kuepuka dola 25, isipokuwa kama ungeyanunua mwisho wa safari kwa bei inayokaribiana na hiyo.

Hesabu hiyo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni tangi. Cessna 172S hubeba galoni 53 zinazotumika, na hunywa galoni nane au tisa kwa saa. Ukiondoka na tangi lililojaa na ukaruka saa moja tu, galoni 10 haziingii, na msamaha unaupoteza kwa galoni moja au mbili. Kama unajua kituo chako kinadai kiwango cha chini, panga mafuta ya kuondokea ili nafasi iwepo, lakini daima juu ya akiba ya sheria, ambayo kwa safari ya kuona kwa macho ni dakika 30 mchana na dakika 45 usiku. Wa pili ni uzito. Galoni moja ya petroli ya ndege ina pauni 6, kwa hiyo galoni 10 ni pauni 60. Ukiwa na watu wazima wanne ndani, mafuta yaliyonunuliwa kwa ajili ya ada yanaweza kukupeleka juu ya uzito ulioruhusiwa.

Mtego wa tatu ni wa ndege ya kukodi, na huwakuta wengi. Ndege za vyuo na klabu mara nyingi hukodishwa pamoja na mafuta, na mwenye ndege hukurudishia ulichonunua nje kwa bei ya nyumbani kwake tu. Kama chuo chako hurejesha dola 5.50 kwa galoni, basi kila galoni ya dola 7.80 inakutoa dola 2.30 mfukoni. Galoni 10 ni dola 23, karibu sawa na ada uliyokuwa unaikwepa. Soma mkataba wa kukodi kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Hesabu hizi zote hukoma pale usalama unapoguswa. Rubani anayeona mafuta yanapungua, au mawingu yanashuka, huteremka kwenye kiwanja kilicho karibu hata kama kina ada kubwa kuliko vyote jimboni. Nimewasikia marubani wakijisifu kwa kuruka mbele hadi kiwanja cha bei nafuu wakiwa na sindano karibu na alama ya mwisho, na sifa hiyo sijaielewa hadi leo.

Hatua ya tano: unapofika

Ukitua penye mnara, mwongozaji wa ardhini atakuuliza unakwenda kuegesha wapi. Jibu lako ndilo linaloamua nani atakudai, kwa hiyo uwe nalo tayari. Kama ofisi ya meneja imekuelekeza kwenye maegesho ya umma, yataje hayo waziwazi na uombe kuelekezwa taratibu kwa kuwa wewe ni mgeni. Ukisema hujui, utapelekwa kwa FBO, na kigari chenye maandishi ya «nifuate» kitakupokea kwa tabasamu. Ukishakifuata hadi mlangoni mwao, umeshakuwa mteja wao.

Penye kiwanja kisicho na mnara, usiyajaze masafa ya pamoja ya redio kwa maswali ya bei. Masafa hayo ni ya kujulisha wenzako ulipo.

Ukisimama kwenye rampu ya FBO, mwambie mhudumu mapema unachotaka na usichotaka. Akija na vizuizi vya magurudumu hakuna neno, lakini akitaka kuivuta ndege, kuiunganisha na umeme au kuisafisha kioo, muulize kama kuna malipo. Toa agizo la mafuta kwa galoni, si kwa maneno ya «jaza», kama lengo ni kufikia kiwango cha chini tu. Baki uone mafuta yakitiwa na uthibitishe ni petroli ya ndege ya aina ya 100LL, jambo ambalo ungelifanya hata bila habari za ada.

Hatua ya sita: malipo, risiti na kugawana na abiria

Kabla ya kutoa kadi, soma ankara mstari kwa mstari na uilinganishe na ulichoandika kwenye simu. Namba ya usajili wa ndege, aina yake na galoni zote zihakikishwe, kwani ndege ya injini moja ikiandikwa kuwa ya injini mbili, kiwango hubadilika.

Sheria ya FAA, kifungu 61.113, inamruhusu rubani binafsi kugawana na abiria wake gharama nne tu: mafuta, oili, matumizi ya kiwanjani na malipo ya kukodi ndege. Ada ya kutua na ya rampu zimo katika matumizi ya kiwanjani. Rubani hapaswi kulipa chini ya fungu lake. Mkiwa watatu, theluthi moja angalau ni yako. Hifadhi risiti, maana siku ikiulizwa kama safari ilikuwa ya kugawana gharama au ya biashara, karatasi hizo ndizo ushahidi. Mwenye leseni ya mwanafunzi hahusiki na mlango huu kabisa, kwa kuwa haruhusiwi kubeba abiria.

Mwanafunzi ana suala lake. Leseni ya rubani binafsi inadai safari ndefu ya peke yake ya maili 150 za baharini, yenye kutua hadi kusimama kabisa katika viwanja vitatu. Mkufunzi mwema huchagua viwanja visivyo na ada. Asipokutajia, muulize, kwa sababu sheria haidai uende uwanja wa mji mkubwa.

Hatua ya saba: ankara inayokuja kwa posta

Tangu tarehe 1 Januari 2020, ndege inayoruka katika sehemu kubwa ya anga iliyodhibitiwa ya Marekani lazima iwe na ADS-B, kifaa kinachotangaza mahali ilipo. Kifaa hicho kiliamriwa kwa ajili ya usalama. Baadaye zilizuka kampuni zinazoviuzia viwanja huduma ya kuhesabu waliotua kwa kutumia matangazo hayo na kamera, kisha kumtafuta mwenye ndege katika daftari la usajili na kumtumia ankara. Kwa njia hiyo kiwanja kisicho na mtu hata mmoja kinaweza kutoza kila anayegusa lami yake. AOPA imelipinga jambo hilo kwa hoja kwamba rubani atashawishika kukizima kifaa cha usalama ili asidaiwe. Mwaka 2025 jimbo la Montana lilipiga marufuku kutumia data hizo kukusanyia ada, na muswada wenye shabaha kama hiyo ukapelekwa katika Bunge la Marekani.

Ankara kama hiyo ikikufikia, usiilipe kwa haraka wala usiitupe. Ilinganishe na kitabu chako cha safari: tarehe, saa, idadi ya kutua. Kupita chini bila kugusa ardhi si kutua. Kisha tafuta jedwali la kiwanja uone kama ndege ya uzito wako inadaiwa kweli. Kama ndege ni ya kukodi, ankara itamfikia mwenye ndege kwanza, naye atakuongezea gharama ya usumbufu. Mwambie mapema kila kiwanja chenye ada ulichotua.

Hatua ya nane: kupinga

Anza kwa meneja wa FBO, kwa maandishi, ukiambatisha uliyoambiwa kwenye simu. Kosa la kawaida huisha hapo.

Kama tatizo ni la mfumo wenyewe, kwa mfano hakuna maegesho yoyote nje ya FBO moja yenye ada kubwa, huyo si wa kumwendea tena. Mwendee mwenye kiwanja. Viwanja vilivyopokea ruzuku ya serikali kuu vimefungwa na ahadi, chini ya sheria ya mwaka 1982 ya kuendeleza viwanja. Ahadi namba 22 inataka kiwanja kipatikane kwa masharti ya haki na yasiyo ya ubaguzi. Namba 23 inakataza kumpa mtu mmoja haki ya pekee ya kutoa huduma. Namba 24 inamtaka mwenye kiwanja apange ada zitakazokiwezesha kujitegemea kadiri inavyowezekana. Hiyo ya mwisho hutajwa na viwanja kila mara, na si bila sababu, lakini haifuti ile ya 22. Rubani naye ana haki ya kukumbusha kwamba hutoa mchango wake pale pampuni, ambapo kila galoni ya petroli ya ndege ina kodi ya serikali kuu ya senti 19.4.

Mabaraza ya miji hufanya mikutano ya wazi. Marubani watano wenye takwimu za ndege zilizoacha kuja, wakizungumza kwa adabu dakika tatu kila mmoja, wana uzito kuliko barua hamsini za hasira. Pale isipofaa, ngazi inayofuata ni ofisi ya FAA ya wilaya inayoshughulikia viwanja, kwa malalamiko yasiyo rasmi ya Sehemu ya 13 ya kanuni za FAA, na baada yake malalamiko rasmi ya Sehemu ya 16, ambayo humtaka mlalamikaji awe ameguswa moja kwa moja na awe amejaribu suluhu kwanza. Mwaka 2017 AOPA iliwasilisha malalamiko ya Sehemu ya 13 kuhusu viwanja vya Asheville, Key West na Waukegan kwa sababu ya ada za FBO. Fahamu kwamba FAA haipangi bei za kampuni binafsi; inachoweza kukihoji ni wajibu wa mwenye kiwanja.

Mahakama nazo zimewahi kuingia. Mwaka 1968 mamlaka ya bandari ya New York ilipandisha ada ya chini ya kutua kwa ndege ndogo saa za msongamano kutoka dola 5 hadi dola 25, na mahakama ikaiunga mkono mwaka uliofuata, kwa kuwa lengo lilikuwa kupunguza msongamano. Miaka 20 baadaye, mamlaka inayoendesha uwanja wa Logan huko Boston ilibadilisha fomula yake mwaka 1988, ada ya ndege ndogo ikapanda zaidi ya mara tatu. Wizara ya uchukuzi ikasema haikuwa ya haki, na mahakama ya rufaa ikaafiki mwaka 1989. Mwenye kuandaa malalamiko leo atapima kesi yake katikati ya hizo mbili: ada inaweza kuwa juu kwa sababu inayothibitika, lakini isiwe njia ya kuwafukuza wadogo.

Ukirudi kuruka Afrika Mashariki

Desturi ya kufuta ada kwa mafuta usiitarajie. Katika nchi zinazofuata mpangilio wa kimataifa, ada za viwanja huandikwa katika kitabu rasmi cha taarifa za anga cha nchi, sehemu GEN 4.1, na ada za huduma za uongozaji ndege katika GEN 4.2, ndizo kurasa za kusoma kwanza. Marekani haimtozi rubani binafsi wa ndani kwa kuongozwa angani, lakini kwingine ada hiyo ni ya kawaida. Nchini Kenya viwanja viko chini ya mamlaka ya viwanja vya ndege, KAA, na uongozaji chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Tanzania Bara ina TAA kwa viwanja na TCAA kwa anga, Zanzibar ina mamlaka yake ya viwanja, na viwanja vya ndani ya hifadhi za taifa vina taratibu za hifadhi yenyewe, pamoja na kiingilio cha kila aliye ndani ya ndege. Ibara ya 15 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 inasema ndege ya kigeni isiyo ya ratiba haitozwi zaidi ya ndege ya nchini ya daraja lilelile inayofanya safari za aina moja. Ukija na ndege iliyosajiliwa nchi nyingine, nakala ya GEN 4.1 iliyochapishwa ndiyo ya kuwa nayo mkobani unapokwenda ofisi ya malipo.